Besi Inamtikisa Jirani, Kwenye Kochi Haipo

Mteja alinipigia Jumamosi asubuhi akitaka nimsindikize Kariakoo kununua sabufa ya inchi 15. Ya inchi 10 aliyonayo, alisema, haina besi kabisa. Katika mazungumzo hayohayo akanidokeza kwamba mwenye nyumba ameshamwita mara mbili, kwa sababu mama wa mlango wa pili analalamika: kila usiku wa sinema kitanda chake kinatetemeka. Nikamwomba arudie maneno yake. Sabufa haina besi, na sabufa inamtikisa jirani kitandani.

"Sasa, fundi, hiyo besi inakwenda wapi?"

Safari ya Kariakoo tukaiweka kando, nikaenda kwake na kompyuta na maikrofoni.

Kwanza neno lenyewe, maana linachanganya watu dukani. Dar es Salaam ukisema sabufa, wengi wanaelewa ule mfumo mzima wa boksi kubwa moja na spika ndogo mbili au tatu, wenye redio, sehemu ya flashi na bluetooth. Ndugu zetu wa Kenya huuita wufa. Sina ugomvi nao, una kazi yake. Hapa nazungumzia boksi la besi tupu: spika moja, ampulifaya yake ndani, waya mmoja wa sauti kutoka kwenye risiva ya hom thieta (mashine inayozigawia spika sauti), na waya wa umeme. Kazi yake ni sauti za chini, tuseme kuanzia hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) hadi 80 au 120. Ukiisikiliza peke yake inachekesha, ni miguno tu. Mteja wangu alikuwa nayo ya kweli, pamoja na risiva nzuri na spika tano zenye wufa, yaani koni za sauti za chini, za inchi 5. Vifaa havikuwa tatizo, ila sikulijua hilo mpaka nilipofika.

Anaishi ghorofa ya tatu. Sebule ni mita 6 kwa 4, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.8. Kuta ni za tofali zenye plasta pande zote mbili, chini vigae, juu zege. TV imetundikwa kwenye ukuta mfupi. Kochi kubwa limewekwa katikati kabisa ya chumba, kwa sababu nyuma yake ndiko iliko meza ya chakula. Sebule nyingi za fleti hupangwa hivyo, nusu ya kukaa, nusu ya kula. Sabufa ilikuwa imebanwa kwenye kona ya kulia ya ukuta wa TV, ubavu wake unagusa ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta huo ndiko analala jirani.

Sauti za chini ndani ya chumba haziendi kama sauti ya mtu anayekuita kutoka jikoni. Wimbi la hezi 29 lina urefu wa mita 12, mara mbili ya urefu wa sebule hii. Haliwezi kupita likaenda zake. Linabaki likiyumba humohumo. Chukua beseni la maji ulitikise polepole, kwa mwendo uleule. Kingo mbili zinapanda na kushuka kwa zamu, na katikati maji yanakaa karibu palepale. Hewa ya chumba nayo hufanya hivyo, na inayumba kwa hezi ngapi unajua kwa hesabu: mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu ni kama mita 348 kwa sekunde, ugawe kwa maradufu ya urefu wa chumba. Mita 6 zinatoa hezi 29. Mita 4 za upana, hezi 43.5. Kimo cha mita 2.8, hezi 62. Kisha kila upande una yumbo la pili, maradufu ya lile la kwanza. Kwa urefu wa sebule hii ni hezi 58.

Sasa mweke bwana yule katikati ya beseni. Kwa urefu yuko katikati, hezi 29 haimfikii. Kwa upana yuko katikati, hezi 43.5 haimfikii. Yumbo la pili ndilo linalogeuza mambo, kwa sababu maji yakiyumba kwa mafungu mawili, katikati nako yanapanda. Hezi 58 ilimwangukia yote, na ile 62 ya kimo ikaja kuisaidia. Ndiyo maana bomu, ngoma na lori vilikuwa vinalia "buu" ya aina moja kwenye kochi lake, na chini ya hapo kimya. Akiona kimya anaongeza sauti. Akiongeza, "buu" inazidi, kimya kinabaki kimya.

Wenzetu wanaoishi kwenye nyumba za fremu za mbao na mbao za jipsamu, kama zilivyo nyingi Marekani, wana bahati moja: kuta zao hulegea kidogo, na sehemu ya besi humezwa au kutoroka. Tofali lililopigwa plasta halilegei. Linairudisha karibu yote, kwa hiyo vilima, yaani sauti zinazozidi, ni virefu zaidi, na mashimo, yaani sauti zinazokosekana, ni marefu zaidi. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nyumba zile, na usomwe ukilikumbuka hilo.

Nilitumia maikrofoni ya UMIK-1 na programu ya Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure. Unaweka maikrofoni pale kilipo kichwa cha msikilizaji, programu inapiga sauti inayopanda taratibu kutoka hezi 15 hadi 200, halafu inakuchorea mstari. Maikrofoni ya simu usiitegemee kwa kazi hii, simu nyingi huzikata sauti za chini makusudi ili upepo na mshindo wa mkono visisikike. Mstari wa kochi ulikuwa kama nilivyoutarajia, ila mbaya zaidi: shimo kwenye 29, shimo kwenye 43, na kilima kirefu kuanzia 55 hadi 63.

Kisha nikafanya jambo ambalo mteja hakulipenda. Nikaenda kugonga mlango wa pili.

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa ile redio inayokusumbua."

"Marahaba. Umekuja kuitoa?"

Nikamwambia nimekuja kuipima, na sijui nini kilimshawishi, akaniruhusu. Nikasimamisha maikrofoni karibu na kichwa cha kitanda, mteja akapiga sauti ileile kutoka kwake. Sauti za juu hazikupita ukutani hata kidogo. Iliyopita ilisimama kwenye mchoro kama mnazi: hezi 43. Yaani sauti ileile aliyokuwa akiikosa kwenye kochi ndiyo iliyokuwa kitandani kwa mama. Na haikuwa ajabu. Yumbo la upana lina nguvu kubwa kwenye kuta mbili za ubavu, na sabufa ilikuwa imewekwa kwenye kona ya mojawapo, mahali pazuri kuliko pote pa kulichochea. Kona huchochea kila yumbo la chumba. Watu husifu kona kwa sababu sabufa "inakuwa kubwa" ikikaa pale, na ni kweli inakuwa kubwa. Suala ni inakuwa kubwa wapi.

Angenunua ile ya inchi 15, shimo la kochini lingebaki palepale na mama angehama.

Tulipofika kwenye risiva nikakuta mkusanyiko wa makosa ambayo kila moja lilifanywa ili kurekebisha lingine. Spika zote zilikuwa zimewekwa "Large". Neno hilo kwenye menyu halina habari na ukubwa wa boksi. Maana yake ni kwamba risiva izipe spika hizo besi yote, isiipelekee sabufa. Wufa za inchi 5 zikabebeshwa mzigo usio wao, na sabufa ikabaki na ile njia ya .1 peke yake, njia maalumu ya besi inayokuwemo kwenye sinema. Muziki wa kawaida na matangazo mengi ya TV havina .1. "Ndiyo maana nikiweka taarabu inalala!" mteja akasema, na hapo nadhani ndipo alipoanza kuniamini. Alikuwa ameifikiria mbovu.

Nyuma ya sabufa, kitufe cha kukatia masafa kilikuwa kwenye 60. Njia ya .1 hufika hadi hezi 120, kwa hiyo nusu ya juu ya kile kidogo ilichopewa ilikuwa inakatwa mlangoni. Kitufe cha sauti kilikuwa robo tatu, kiwango cha sabufa ndani ya risiva kimepandishwa hadi mwisho, na juu yake kuna kitufe cha kuongeza besi kimewashwa. Njia ya .1 hutengenezwa ichezwe desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya njia nyingine, sasa ukiongeza na haya yote, sabufa ya inchi 10 inafika mwisho wa pumzi kabla sinema haijafika mwisho wa jina lake.

Na kuna hili la umbali, ambalo nimelikuta kwa watu makini hasa, wale wanaosoma kijitabu cha maelezo. Risiva ilipojipima yenyewe na maikrofoni yake iliandika kwamba sabufa iko mita 4.8. Mteja akachukua futi kamba, akapata 3.4, akasema mashine imekosea, akaandika 3.4. Mashine haikukosea. Ndani ya sabufa kuna saketi zinazochelewesha sauti kidogo, na risiva haipimi futi, inapima muda na kuuandika kama mita. Mita 1.4 za ziada ni kama milisekunde 4. Ukizifuta, sabufa inachelewa nyuma ya spika, na pale zinapopokezana, karibu na hezi 80, zinavutana badala ya kusukumana pamoja.

Kazi yenyewe ilianza na kochi, si sabufa. Mke wa mteja alikuwa na msimamo kuhusu meza ya chakula na alikuwa na haki, watu wanne wanakula pale kila siku. Tukapima na kugundua kwamba meza ikigeuzwa upande, kochi linaweza kurudi nyuma sentimita 80. Zinatosha. Kutoka mita 3.0 hadi 3.8 kutoka ukuta wa TV, unatoka kwenye maji yaliyotulia. Kwa hesabu, hezi 29 iliyokuwa haifiki kabisa sasa inafika ikiwa pungufu ya ile ya ukutani kwa desibeli 8 hivi, na ile 58 iliyokuwa inakuangukia yote inashuka kwa desibeli 3 na nusu. Hatua moja ya kochi, faida mbili. Hakuna sabufa dukani inayofanya hivyo.

Halafu tukatambaa. Hii ni njia ya zamani na watoto wa nyumba hiyo hawataisahau. Unaipandisha sabufa mahali pa msikilizaji, hapo juu ya kochi, unapiga muziki wenye besi inayotembea, kisha wewe unatambaa kwa magoti kando ya kuta mahali ambapo sabufa ingeweza kukaa, sikio likiwa chini. Panaposikika besi safi, yenye noti zinazotofautiana, hapo ndipo pa kuiweka. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka A kwenda B ni sawa na ya kutoka B kwenda A. Baba mzima wa familia, kanzu imekunjwa kiunoni, anatambaa kwenye vigae. Alisimama pale karibu na stendi ya TV, upande wa kushoto, akasema, "Hapa magitaa yanaongea." Kilikuwa kipimo cha mita 1.6 kutoka ukuta wa kushoto.

Nilifurahi kwa sababu hesabu ilikuwa na neno lake pia. Mita 1.6 kati ya 4 ni karibu na katikati ya upana, na kitu kilichowekwa katikati ya beseni hakiliyumbishi beseni kwa upande huo. Kulinganisha na konani, pale sabufa inalichochea lile yumbo la hezi 43.5 pungufu kwa desibeli 10. Tena iko mbali na ukuta wa jirani. Stendi ya TV ikasogezwa sentimita 40 kulia, sabufa ikaingia.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Spika zote "Small", kizingiti, yaani mahali spika zinapoiachia sabufa, hezi 80, ambacho ndicho THX, kampuni ya Marekani ya viwango vya sauti za sinema, ilikichagua, kwa kuwa chini ya hapo sikio linashindwa kujua sauti inatoka upande gani. Kitufe cha masafa nyuma ya sabufa juu kabisa, risiva ifanye kazi hiyo peke yake. Kitufe cha kuongeza besi, zima. Kitufe cha sauti chini kidogo ya nusu. Risiva ikajipima upya na umbali iliouandika haukuguswa na mtu. Swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mtikiso wa koni) nilijaribu 0 na 180; kwenye 180 eneo la hezi 80 lilizama, ikarudi 0. Kilima cha 58 kilikuwa kimepungua bila kuisha, nikakikata desibeli 5 kwa ikwalaiza ya risiva. Kukata kilima ni halali. Kujaza shimo kwa ikwalaiza ni kumwaga maji mchangani: ukiomba desibeli 10 zaidi unaiambia ampulifaya itoe nguvu mara kumi, na aliye katikati ya beseni bado hapati kitu.

Mteja aliuliza kuhusu trei za mayai ukutani, kama alivyoona kwenye studio moja. Hazigusi besi. Robo ya wimbi la hezi 58 ni mita moja na nusu. Unene wa trei ni nini mbele yake? Zulia nalo vivyo hivyo, ingawa kwa sauti za watu kwenye chumba cha vigae linasaidia sana na nilimshauri aliweke.

Palikuwa na mvumo mdogo usioisha hata sinema ikisimamishwa. Nilichomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, mvumo ukakata. Waya wa dishi ulikuwa unaleta ardhi yake (ethi) kutoka juu ya paa, tofauti na ardhi ya soketi, na umeme mdogo ukawa unazunguka kati ya ardhi hizo mbili kupitia waya wa sabufa. Fundi umeme wa jengo aliunganisha kava la waya wa dishi na ardhi ya jengo. Wapo wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na siku ampulifaya ikivuja umeme utaugusa kwa mkono.

Baada ya hapo ndipo tukazungumza ununuzi, kwa sababu bajeti ilikuwa bado mfukoni inawasha. Alikuwa na chaguo tatu. Ile ya inchi 15, mpya, yenye kibandiko mbele kinachosema maelfu ya wati za PMPO, ile namba ya kibiashara ya kilele cha nguvu cha kufumba na kufumbua. Nikamwambia ageuze boksi asome kibandiko cha nyuma, kile kinachosema volti na wati linazokula. Boksi haliwezi kutoa mfululizo zaidi ya linachokula. Ukubwa wa inchi 15 ni kweli una maana, eneo la koni ni mara mbili na robo ya inchi 10, na ukitaka kushuka kutoka hezi 40 hadi 20 kwa kishindo kilekile unahitaji kusukuma hewa mara nne. Ila hiyo ni hoja ya mtu asiye na jirani ukutani.

Ya pili ilikuwa inchi 12 ya mtumba kutoka Japani, nzuri, safi, bei ya kutamanisha. Nyuma imeandikwa volti 100. Soketi zetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kutosha, ingeungua siku ya kwanza, na bei ya transfoma ya maana inakula ule unafuu wote. Ya tatu ilitoka Uingereza, inchi 12, boksi lililofungwa lisilo na tundu, umeme wake sawa na wetu hadi plagi. Hiyo ndiyo ningeichagua. Boksi lenye tundu linapiga zaidi pale lilipopangiwa, kisha chini ya hapo linaanguka desibeli 24 kila hezi zinaposhuka kwa nusu. Lililofungwa linaanza kushuka mapema lakini kwa upole, desibeli 12, na chumba kidogo cha tofali, milango ikifungwa, kinalisaidia kulinyanyua kule chini kabisa. Nilimwambia asubiri wiki tatu aone kama bado anaihitaji.

Jirani nilimrudia jioni ileile, sinema ikiendelea upande wa pili. Ile hezi 43 ilikuwa bado inaonekana kwenye mchoro, fupi, na mama alisema anaisikia akitulia kuitafuta. Kwa kuwa kitufe cha sauti nacho kilishuka, ilipungua zaidi ya zile 10 za hesabu. Wawili wakakubaliana kwamba baada ya saa nne usiku kiwango cha sabufa kinashushwa desibeli 6, na nikamwonyesha mteja kitufe kwenye rimoti. Mpira niliouweka chini ya miguu ya sabufa haukubadilisha chochote kwa jirani, nilipima kabla na baada. Ulizuia tu sabufa isitembee kwenye vigae.

Wiki tatu zilipita. Hakununua. Alichoniitia tena ni mlio kama wa nyuki unaotokea kwenye matukio fulani tu, akidhani spika imechanika. Nikapiga sauti moja ndefu, nikaipandisha hezi moja moja, tukazunguka nyumba mkono ukigusa kila kitu. Grili ya dirisha kwenye 47, skrubu moja. Kifuniko cha kiyoyozi kwenye 52, kipande cha sponji. Kwenye 34 lilikuwa kabati la vyombo, vioo vyake viwili vya kuteleza na seti ya vikombe vya harusi, na hivyo mke wake amekataa visiguswe. Kwa hiyo ikifika hezi 34, vikombe vinaimba.